Besi Nyuma ya Ukuta wa Mbao

Mwezi uliopita Neema aliolewa. Ukumbi ulikuwa Soni, na mimi na mume wangu Hoza tulipanda kutoka Korogwe mapema ili tumwone bibi harusi akiingia, kwa sababu Neema tulimjua akiwa darasa la kwanza, meno ya mbele hana. Nilikalishwa meza moja na mama yake. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tumebaki watu wa simu za sikukuu na misiba, na kwa muda tulishikana mikono tu tukiulizana habari za watoto, kama watu wanaoogopa kunyamaza. Kisha mpiga muziki akafungulia. Spika zake zilikuwa ndefu kuliko mtu, na besi ilipoingia vijiko vikaanza kulia kwenye sahani na soda zikatetemeka kwenye glasi. Mama Neema akaniwekea mkono gotini, akainama sikioni mwangu. "Baba angeinuka kitandani kwa hii," akasema. Tukacheka mpaka kilemba chake kikalegea. Wakwe wapya wakatugeukia. Hoza, upande wa pili wa meza, hakusikia kilichosemwa lakini alikijua, maana na yeye alikuwa anacheka huku ameinamia sahani yake. Tukiwa njiani kurudi nikawaza kwamba ule mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, ambao wanangu wanaujua kwa picha moja ya harusi tu, ndio mwaka niliocheka kuliko yote, na kwamba ulichangamka kwa sababu ya spika moja iliyoungua.

Niliingia Lushoto wakati wa pichesi na plamu, soko zima linanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hoza alikuwa amepanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba iliyokaa juu ya soko, mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi ukungu unakutangulia kuingia. Chumba cha kulala kilitosha kitanda na sanduku langu. Sebule ikawa karakana yangu, kwa kuwa nilikuwa nashona: cherehani dirishani, nguo za wateja kwenye kamba, na pembeni, juu ya kigoda alichokichonga Hoza mwenyewe, sabufa. Lilikuwa boksi jeusi dogo kuliko ndoo ya maji, lenye spika ya besi mbele yake na tundu la kutolea upepo ubavuni, pamoja na vispika viwili vya kuweka juu ya kabati. Hoza aliinunua kabla hajanunua kitanda. Hilo nililijua siku ileile ya kwanza, na shangazi yangu aliyenisindikiza alilijua pia, akaguna. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kabichi na karoti, anashuka nalo Tanga na Dar es Salaam, na nadhani ngurumo ya injini ilimzoesha vibaya. Muziki usiogonga kifua, kwake yeye, ulikuwa maongezi tu.

Sebule yetu na chumba cha jirani vilitenganishwa na ukuta wa mbao, mbao za Shume zilizokauka na kuachia mianya. Upande ule aliishi Mama Neema na bintiye, pamoja na baba mkwe wake, Mzee Singano. Mume wake alifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Amani na alikuja mwisho wa mwezi. Wao ni Walutheri, sisi Waislamu, na tulichangia jiko la nyuma, bomba na kamba ya kuanikia. Mzee Singano alikuwa amemalizia nguvu zake zote kiwandani Shume, akipasua magogo, mpaka misumeno ikamla masikio. Kwa hiyo ndani kwao kila neno lilisemwa kwa kupaaza sauti, nami nikiwa nimekaa kwenye cherehani, pini mdomoni, niliyajua yote: nani amegoma kunywa dawa, nani hakuonekana kanisani, karoti za bondeni zimeoza ngapi. Siku moja nilisikia kwamba bibi harusi wa jirani ni mtu wa heshima ila mchuzi wake una chumvi kama bahari. Nikapunguza chumvi. Sikuwahi kusema niliambiwa na nani.

Jioni, Hoza alipokuwa nyumbani, sabufa iliwashwa. Kila ilipoanza nilimsikia mzee upande wa pili akitangaza, "Wamewasha mashine." Mama Neema humjibu kwa kelele kwamba si mashine, baba, ni muziki wa yule kijana, na mzee humjibu kwamba anaijua mashine, asifundishwe. Mimi niliona aibu. Nilidhani tunamtesa mtu mzima aliye kitandani, na nilimwambia Hoza apunguze, naye alipunguza mpaka nilipogeuka. Mama Neema hakulalamika hata siku moja kuhusu ukubwa wa sauti. Alichoniomba, tena kwa adabu, tukiwa tunamenya viazi, ni kama ile CD ya yule mwimbaji wa habari za viuno inaweza kupigwa wakati Neema yuko shule.

Spika iliungua katikati ya masika. Walikuja madereva wenzake Hoza, mvua imewazuia kushuka, nikawapikia ubwabwa na maharage, na mmoja wao akasema sabufa ndogo kama ile kazi yake ni kusomea taarifa ya habari. Hoza akainuka, akazungusha kile kitufe cha sauti mpaka mwisho wake. Spika ikakoroma, ikakwaruza, kisha ikatoka harufu ya nywele zilizoguswa na chanuo la moto, na besi ikakatika. Vikabaki vile vispika vya kabatini vinalia kama kuku wadogo. Hoza alisema ni umeme. Wenzake, kwa hisani, wakakubali kwamba umeme wa siku zile si wa kuaminika.

Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahi. Nilikuwa na mimba changa, kichwa kinaniuma, na niliweza sasa kusikia mvua kwenye bati na maji yakishuka mferejini. Lakini jioni moja, wakati wa chakula, nikasikia upande wa pili mzee anauliza kama kiwanda kimefungwa. Kimefungwa, baba, kula. Kwa nini kimefungwa? Kula kwanza, baba. Kisha sauti ya sahani ikisukumwa mezani. Ikawa hivyo tena kesho yake. Baridi ya mwezi wa sita ikaingia, ukungu ukakaa mpaka saa za mchana, na mzee aliyekuwa akitoka walau kuota jua mlangoni akaacha kutoka kabisa.

Mama Neema akaja kwangu na bakuli la viazi vya kuchemsha, akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungumzia mambo mengine mengi kwanza. Mwishowe akauliza, "Hivi shoga yangu, ile sabufa yenu mmeiuza?"

Nikamwambia imeungua, na nikaongeza kwamba angalau mzee sasa anapumzika.

"Hapumziki," akasema. "Baba hanisikii mimi, hasikii kengele ya kanisa. Ile anaisikia. Kitanda chake kimegusa huu ukuta, anaweka kiganja hapo tangu inapoanza mpaka mnazima. Sasa anasema wamemwachisha kazi." Alianza kucheka alipolisema, lakini hakulimaliza cheko. Mimi niliutazama ule ukuta, upande wangu, ambako nilikuwa nimetundika kalenda, kana kwamba nitaona alama ya mkono wake.

Hoza alirudi kutoka Tanga kabla sijapanga nimwambieje. Aliingia amekumbatia kitu ndani ya gunia, uso umejaa furaha, akakifunua juu ya meza yangu ya kukatia: spika ya inchi kumi, sumaku nyuma nene kama sufuria, na karatasi ya kung'aa imeandikwa wati nyingi kiasi kwamba hata mimi nisiyejua nilishangaa. Akaiweka mbele ya boksi. Ililifunika boksi lote kama kifuniko kinachozidi chungu. Nikachukua tepu yangu ya kupimia nguo, nikapima uso wa boksi, tundu la zamani, kisha kina cha ndani ambako kuna ile mitambo ya umeme, na kila nilipopima Hoza alisema tutakata. Nikamwambia ukimkatia mtu shingo ya gauni kubwa kuliko mabega, gauni linaanguka. Akasema basi atanionyesha kwanza sauti yake, nitakubali mwenyewe. Akaunganisha nyaya, spika ikiwa imelala sakafuni, akawasha. Koni, ile karatasi inayotikisika mbele ya spika, ikarukaruka kama chura, lakini besi haikuwepo. Ilikuwa sauti nyembamba, ya bati. Akaongeza, ikaruka zaidi na besi haikuja. Spika isiyo na boksi, tulikuja kuelezwa baadaye, ni ngozi ya ngoma isiyo na mzinga, ila siku ile hatukulijua hilo, na nilikuwa nimeuma kanga nisicheke. Hoza akasema labda imeharibikia njiani. Nikasema labda.

Cheko lile alilihisi, na ndio ukawa ugomvi wetu wa kwanza. Alisema mimi nataka redio ya kunong'ona. Nilisema nataka kusikia maneno ya wimbo, si kugongwa kifua ndani ya nyumba yangu. Alisema sabufa ni yake ya ujana. Nikamwambia kwamba kama ni hivyo arudi akaishi nayo ujanani. Nikikumbuka leo naona wote wawili tulikuwa tunapigania spika kwa sababu hatukuwa bado tumejua namna ya kupigania kitu kingine. Ndoa ilikuwa changa, hatukuwa na vitu vingi vya kugombea. Chai ikapoa. Hapo ndipo nikamweleza alichonieleza Mama Neema. Hoza alikuwa ameinua kikombe, akakirudisha.

"Anaweka kiganja ukutani?" akauliza.

"Kila siku."

Alitoka nje, nikamwona dirishani amesimama anatazama milima kama mtu anayengoja lori. Asubuhi yake akairudisha ile inchi kumi ndani ya gunia, akaniambia nivae tukamwone Fundi Kassim.

Fundi Kassim alikuwa na kibanda karibu na stendi, chembamba mno, wateja walikaa nje na kuzungumza naye kupitia mlangoni. Alikuwa mwongeaji. Aliipokea inchi kumi kwa mikono miwili, akaisifu, kisha akasema boksi letu haliiwezi. Spika kubwa inahitaji nafasi ya kupumua nyuma yake. Ukiibana humo itanguruma noti moja tu, wimbo wowote uupige. Tuliyohitaji ni ya inchi sita na nusu, kama ileile iliyoungua, na alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa mpya, koni ngumu ya karatasi, tundu za skrubu zinalingana sawasawa. Nyingine ilikuwa imetolewa kwenye gari la pikapu kuukuu: mpira wake wa pembeni ni laini, koni imezibwa kwa gundi mahali, na tundu zake hazilingani na chochote. Tena hiyo ya pikapu ilikuwa ya omu nne, kwa kipimo cha mafundi wa umeme, wakati ya kwetu ilikuwa ya nane, kwa hiyo ingeivuta ile mitambo ya ndani ya boksi kwa nguvu. Kitufe cha sauti kisivuke nusu, vinginevyo tutanusa tena ile harufu. Angekuwa yeye, alisema, angechukua mpya bila kufikiri. Hoza aliposikia habari ya nusu akaikamata ile mpya. Mimi nikamwomba fundi tuzijaribu zote nyumbani. Akakubali, akabaki na inchi kumi yetu kama dhamana, na kwa jinsi alivyoikumbatia nilijua hatutaiona tena.

Tulizijaribu Jumapili, Mama Neema aliporudi kutoka kanisani. Alikaa kitandani kwa mzee, mlango wao wazi, na wetu wazi. Hatukuhitaji ishara yoyote, kwani ile ilikuwa nyumba ya kupaaza sauti. Hoza akafunga ile mpya, akaweka dansi la zamani, akafungulia. Ilipiga kwa nguvu, bu, bu, bu, na Hoza akanitazama kwa ushindi. Akabadilisha wimbo: bu, bu, bu. Wa tatu vilevile, kana kwamba wapiga gitaa la besi wa nchi nzima walifundishwa noti moja. Kutoka upande wa pili tukamsikia mzee.

"Nani anatwanga?"

"Ni spika mpya, baba."

"Mwambieni akatwangie nje."

Hoza alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi na bisibisi mkononi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Tukacheka sote, na Mama Neema kule tukamsikia anacheka, na mzee anauliza kuna nini. Ilikuwa ni mara ya kwanza tucheke pamoja tangu inchi kumi iingie nyumbani.

Ile ya pikapu ilitupa kazi. Hoza alitoboa tundu mpya za skrubu, na kwa kuwa ilikaa na upenyo pembeni nilikata pete ya kitambaa kizito cha koti, nikaikunja mara mbili, tukaibana katikati ili upepo usivuje. Aliwasha, kitufe kikiwa chini ya nusu. Mwanzoni sikuona cha maana. Haikugonga. Kisha nikasikia mpiga besi anatembea, anapanda na kushuka, noti moja baada ya nyingine, na juu yake mwimbaji anatamka maneno ambayo nilikuwa sijawahi kuyapata vizuri. Nikaweka mguu peku sakafuni, sakafu ilikuwa hai. Tukangoja neno kutoka upande wa pili. Halikuja. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine, kimya. Hoza akanyoosha mkono aongeze nami nikamshika kiganja, nikamkumbusha nusu ya fundi. Akasema kwa huzuni kwamba mzee haisikii. Akachukua bisibisi aifungue.

Mlangoni pakawa na kivuli. Mzee Singano alikuwa amesimama, koti juu ya shuka, kofia ya sufu imefunika masikio yasiyosikia, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine begani kwa mkwewe, ambaye uso wake ulikuwa wa mtu asiyeamini anachokishika. Tangu baridi ianze hakuwa ameuvuka mlango wake. Tukainuka, shikamoo babu, naye akasoma midomo yetu, akaitikia marahaba. Alitupita. Akafika kwenye boksi, akaweka kiganja juu yake kama anavyowekwa mtoto mkono kichwani, akafumba macho. Wimbo ulipofika mahali pa kupumua akayafumbua na kumtazama Hoza.

"Hii ndiyo," akasema, kwa ile sauti yake ya kiwandani. "Msiibadilishe."

Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza kama kuna chai. Hoza alirudi kwenye boksi, akakaza skrubu ambazo zilikuwa zimekaza tayari, akiwa ametupa mgongo kwa muda mrefu. "Nusu inatosha," aliniambia taratibu. "Kwani tunampigia nani mwingine?"

Tangu siku hiyo sebule yangu ikawa na mtu wa kudumu. Mzee alikuja jioni, mara nyingine hata mchana nikiwa nashona, nami nilimwashia hata kama Hoza yuko safarini. Alikula kwetu: ugali na kabichi, njegere za nazi, bada siku niliyopata unga mzuri wa muhogo kutoka kwetu, na alimaliza sahani. Mama Neema akapata nafasi ya kushuka bondeni kwenye karoti zake bila kugeuka nyuma kila saa. Tulifanya makubaliano naye kwamba Jumapili ni zamu ya kwaya, na yeye aliimba sauti ya pili pamoja nayo akiwa jikoni, mpaka Hoza akazijua nyimbo za Walutheri na kuzipigia mluzi akiosha lori. Ramadhani ilipoingia tukaweka kaswida. Mzee alilipenda dufu kupita dansi, akawa anatikisa kichwa kwa kulifuata, na siku moja akamuuliza mkwewe hao ni wa usharika gani. Mama Neema alinitazama, akamwinamia sikioni na kumwambia ni kwaya ya jirani. Mzee akasema wamefundishwa vizuri.

Jamila alizaliwa baada ya Idi. Shangazi akaja kunitunza, yuleyule aliyeguna, na amri yake ya kwanza ilikuwa ukimya: mtoto mchanga hapigiwi makelele. Sabufa ikafunikwa kanga. Hoza alitembea kwa ncha za vidole, mzee aliombwa abaki kwao, na Neema alikatazwa hata kuruka kamba uani. Katika ukimya huo Jamila alilia. Alilia akinyonyeshwa, alilia akiogeshwa, alilia kwa shangazi, kwa Mama Neema na kwangu, mpaka sote watatu tukawa na macho ya watu waliotoka safari ya mbali. Shangazi alisema ni chango. Mama Neema alisema ni baridi. Mimi nililia pamoja na mtoto.

Mchana mmoja mzee akachoka kungoja mwaliko, akaingia. Hakusikia kilio, lakini aliona mdomo wa mtoto ulivyofunguka, na alituona sisi. Akaelekeza fimbo kwenye kanga, akauliza kwa nini. Shangazi akamwinamia na kumpigia kelele kwamba ni kwa ajili ya mtoto, na mtoto akazidisha.

"Mmemzimia nyumba," mzee akasema. "Miezi yote aliyokuwa humo tumboni, alikuwa anasikia nini?"

Shangazi akafungua mdomo. Hoza alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji, akanitazama mimi.

"Washa," nikasema.

Aliwasha ile kaswida. Besi ikaingia sakafuni, ikapanda kwenye miguu ya kiti nilichokalia, nikaisikia mgongoni. Jamila akalia, akakatisha, akashtuka kwa kwikwi, akalia kidogo tena, na baada ya hapo nikasikia uzito wake ukilegea begani kwangu. Alikuwa amelala. Hakuna aliyesogea. Shangazi akakaa mkekani, na punde kichwa chake kikaanza kuinama. Mama Neema akaegemea ukuta wa mbao, macho ameyafumba. Mzee alikuwa na kiganja chake juu ya boksi. Hoza akatua ndoo bila kutoa sauti, akachuchumaa, akashika kitufe, nami nikataka kumwambia asiongeze. Hakuongeza. Alikirudisha nyuma, chini ya nusu, chini zaidi, mpaka ikabaki ngurumo ya kusikia kwa ngozi tu. Kisha akakaa chini palepale, mgongo kwenye kigoda, akafumba macho. Jikoni maharage yakaanza kuungua, harufu ikatufikia, na hakuna aliyeinuka.